Kifaru Aliyekatwa Katikati

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza watalii niliwatangazia wageni sita, wamekaa kwenye viti vya kukunja chini ya mgunga, kwamba wakimaliza kula kuna jangwa. Mimi nilidhani nimesema kuna kitindamlo. Mpishi alikuwa ameshamenya nanasi, na keki ya ndizi iko mezani imefunikwa kitambaa sababu ya nzi. Mama mmoja wa makamo akajifuta mdomo, akainuka, akavaa kofia yake pana, akajaza chupa maji hadi shingoni, akaanza kujipaka mafuta ya kuzuia jua. Nikamuuliza, mama, unaelekea wapi? Akanijibu kwa upole kabisa: si umesema kuna jangwa?

Kwa Kiingereza vitu hivyo viwili ni karibu neno moja: desert na dessert. Jicho linaona s moja huku na s mbili kule, lakini sikio halisikii s yoyote, maana zote zinatamkwa z. Kinachoyatenga ni pale unapokaza. DEZ-ert ni jangwa, de-ZERT ni kile kinacholiwa mwisho. Nami, kwa ulimi ulionyonya Kiswahili, neno la silabi mbili nalikaza ya kwanza bila kuuliza, kama ninavyosema BA-ba na ME-za. Keki ya ndizi ikageuka mchanga mdomoni mwangu kabla hata haijaliwa. Dereva mwenzangu aliniita Sahara tangu siku ile hadi nilipohama kampuni. Angalau Sahara lenyewe sikuwahi kulikosea: sa-HA-ra huku, sa-HA-ra kule.

Siku hizi sipandi gari la safari mara kwa mara. Jioni tatu kwa wiki nafundisha Kiingereza cha kazi kwa vijana wanaosomea uongozaji wa watalii hapa Arusha. Sarufi wanaiweza, na msamiati wanao kuliko nilivyokuwa nao mimi. Kuna kijana anajua ndege mia mbili kwa majina ya Kiingereza. Ila anayajua kwa macho. Ameyakuta kitabuni, akayahifadhi kama yalivyoandikwa, na siku anapoyatoa mdomoni mgeni anainamisha kichwa upande mmoja na kusema samahani, umesemaje? Nami nikisikia hivyo namkumbuka yule mama na kofia yake.

Kukata silabi nilikujua kabla ya kusoma. Babu yangu mzaa mama, pale Tanga, alikuwa mtunzi wa mashairi, si wa kutajwa redioni, wa barazani tu, na mashairi yake aliyapima kwa vidole. Mstari una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Alikuwa akikaa na kahawa yake, kikombe mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kidole gumba kinatembea juu ya pingili za vidole vingine. Ikizidi mizani moja, mstari mzima unabomolewa. Sisi wajukuu tulipewa maneno ya kupima kama watoto wengine wanavyopewa vitendawili. "Haya, mjukuu wangu, nani ana mizani nyingi, mbu au mbuzi?" Aliyekurupuka alijibu mbuzi. Kumbe wako sawa: m-bu, mbu-zi. M ya mbu inasimama kwa miguu yake yenyewe, tena ndiyo inayokazwa. M ya mbuzi imebebwa mgongoni na b.

Mkazo babu hakuwahi kuutaja. Hakuwa na haja. Ukishalikata neno la Kiswahili, mkazo umeshaupata: hesabu kutoka mwisho, ya pili. Ukiongeza kitu nyuma, unahesabu upya. NYU-mba, ukienda ndani ni nyu-MBA-ni. PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na. Maneno yanayokaidi unaweza kuyahesabu kwa vidole vya babu, na linalojulikana zaidi ni barabara: ba-ra-BA-ra ni ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Na silabi zetu nyingi ni nyumba zisizofungwa mlango, zinaishia na irabu. Ni si-mba, si sim-ba. Ni Ta-nza-ni-a, ingawa mgeni anasikia Tan-za-ni-a na kuapa kwamba n iko upande wa kwanza. Milango michache iliyofungwa imekuja na maneno ya kuja, kama lab-da na mak-ta-ba.

Kitu kimoja kwenye mfano wa nyumba nilikipita miaka mingi bila kukiona. Mkazo ulipohama kutoka NYU kwenda MBA, silabi hazikutikisika. Mba ilikuwa mba kabla na imebaki mba baadaye. Mkazo kwetu ni kama taa ya mkononi: unaihamisha chumba hadi chumba, kuta zimesimama palepale.

Sasa njoo kwenye darasa langu, somo la picha. Hakuna siku mwongozaji anapita bila kuzungumzia picha, kwa hiyo naandika ubaoni maneno matatu ya ukoo mmoja, nimeyakata kama kamusi za Kimarekani zinavyoyakata:

PHO-to-graph
pho-TOG-ra-phy
pho-to-GRAPH-ic

Kimya. Halafu daima kuna mmoja (mara ya mwisho alikuwa kijana wa Karatu, mkaaji wa nyuma, asiyesema sana) anayenyoosha mkono. "Mwalimu, hii g mbona inahamahama?"

Swali hilo nalisubiri kila muhula. Kwenye neno la kwanza g iko na ndugu zake, graph. Kwenye la pili imewaacha ikaenda kukaa na to, zikawa tog. Kwenye la tatu imerudi nyumbani. Haikuhama kwa hiari. Imevutwa. Irabu fupi ya Kiingereza ikikazwa haiwezi kukaa mlango wazi. Inanyoosha mkono na kuikamata konsonanti inayofuata ije ifunge. Kwenye PHO o ni ndefu, inajitosheleza. Kwenye TOG ni fupi, inahitaji g. Angalia ukoo mwingine: DEM-o-crat, de-MOC-ra-cy, dem-o-CRAT-ic. M na c zinarushwa kama mpira, na anayezirusha ni mkazo.

Basi mambo yamegeuka. Kiswahili unakata kwanza ndipo unakaza. Kiingereza, usipojua pa kukaza, hujui hata pa kukata. Vijana wangu wanaanza kwa kukata, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa darasa la kwanza na kadi za ba be bi bo bu, na wanakata vizuri sana, usafi mtupu, halafu wanakaza ya pili kutoka mwisho. Wanapata photoGRAphy. Kazi safi iliyoanzia mwisho.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni neno record. Kama ni jina, kumbukumbu iliyohifadhiwa, kamusi ya Kimarekani inalikata rec-ord. Kama ni kitenzi, kurekodi, re-cord. Herufi zilezile sita. Present vilevile: zawadi ni pres-ent, kukabidhi ni pre-sent. Na kibali cha kuingia hifadhini ni PER-mit, kuruhusu ni per-MIT. Jina mbele, kitenzi nyuma. Si kwa maneno yote, visit haijali, lakini kwa mengi ya namna hii.

Wachapaji wamehangaika na jambo hili muda mrefu, maana wao wanalazimika kukata neno linapofika ukingoni mwa ukurasa. Wamarekani, tangu enzi za Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, wanafuata zaidi sikio. Waingereza kwa desturi waliangalia zaidi neno limejengwaje. Ndiyo maana neno la elimu, knowledge, Mmarekani analikata knowl-edge, na Mwingereza wa kizamani know-ledge. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Frank Liang aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu kuifundisha kompyuta kazi hiyo, na kichwa cha tasnifu akakiandika kikiwa kimekatwakatwa kwa vistari. Ruwaza zake, yaani vikundi vya herufi vinavyoonyesha pa kukata, ni 4,447 kwa Kiingereza cha Kimarekani, na bado zinatumika. Lakini programu inayotazama herufi peke yake, ukiipa record, itajuaje kama unarekodi au unasoma kumbukumbu? Haina sikio.

Kifaru sasa.

Kwa Kiingereza ni rhinoceros, neno la Kigiriki lililounganishwa kutoka vipande viwili: rhino, pua, na keras, pembe. Pua-pembe. Kwa yeyote mwenye akili za fundi, neno hili linakatwa pale lilipounganishwa, rhino huku, ceros kule, na vijana wangu wote wanafanya hivyo: rai-no-SE-ros. Wala siwalaumu. Ila Mwingereza anakaza ya pili, na o ile ni fupi, kwa hiyo inanyoosha mkono kuikamata c iliyo mwanzoni mwa pembe. Rhi-NOC-er-os. Ile NOC imetengenezwa kwa mkia wa pua na kichwa cha pembe. Mnyama mzima amepasuliwa katikati na hakuna anayelia.

Kiboko alibahatika. Hippopotamus ni hippos, farasi, na potamos, mto, na mkazo unaangukia POT, mwanzo kabisa wa mto: hip-po-POT-a-mus. Mnyama hakuumia, ingawa darasa linapojua kwamba tumbo lile ni farasi wa mtoni tunapoteza dakika tano. Helikopta ndiyo iliyofanyiwa maajabu. Kigiriki chake ni heliko, kitu cha kuzunguka kama parafujo, na pteron, bawa. Kiungo kiko kabla ya p. Lakini hakuna ulimi wa Kiingereza unaoanza silabi kwa pt, kwa hiyo wakasikia HEL-i-cop-ter, wakaamini kwamba heli ni kipande na copter ni kipande, na hadi leo uwanja wa kutua helikopta unaitwa heliport. Bawa limekatwa likaachwa.

Rhinoceros nililipeleka kwa babu likizo ya kidato cha pili. Nilikuwa nimelikuta kitabuni, nikataka kujionyesha. Akalisikiliza, akalirudia, akalivisha nguo za kwetu: rinoserosi. Kidole gumba kikatembea. Ri-no-se-ro-si, tano. Akaongeza kifaru mbele, tatu, nane kamili. "Kifaru rinoserosi," akasema, "ukwapi huo umenipa bure." Utao hakuwahi kuutunga. Na kwa Kiingereza neno ni silabi nne. Ya tano ni ile i ya mwishoni, kwa sababu babu hakuweza kuliacha neno limesimama mlangoni na s mkononi.

Kuna habari njema, nazo nazitoa mapema ili wasikate tamaa. Baadhi ya viambishi vya mwisho vya Kiingereza vinakaza ya pili kutoka mwisho, vilevile kama sisi. Neno lenye -ic au -tion au -cian, mpe Mswahili, karibu kila mara atalipatia hata akiwa usingizini: e-co-NOM-ic, ac-com-mo-DA-tion, po-li-TI-cian. Baadhi ya majina ya wanyama pia: hy-E-na, fla-MIN-go, CHEE-tah, ZE-bra. Hayo ni ya bure. Mashaka ni yale ya -ity, -ical, -logy, -graphy na -cracy, ambayo yanarudi nyuma hatua moja zaidi, ya tatu kutoka mwisho: u-ni-VER-si-ty, po-LIT-i-cal, bi-OL-o-gy. Na kundi la tatu linakaza mwisho kabisa, jambo ambalo ulimi wetu unaliona kama kukosa adabu: en-gi-NEER, ref-er-EE, na kwa porini gi-RAFFE, ga-ZELLE, ba-BOON, chim-pan-ZEE. Tembo, nyati na mamba wanakaza mwanzo, EL-e-phant, BUF-fa-lo, CROC-o-dile. Chui ndiye mjanja: leopard inaandikwa kama silabi tatu, inatamkwa mbili, LEP-ard, ile o ni picha ya ukutani tu. Nimesikia le-o-PAD mpaka mwenyewe siku moja nikaisema mbele ya darasa.

Kukaza kwenyewe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inawauma zaidi: kutokaza. Mswahili ni mtu wa haki. Kila silabi anaipa irabu yake kamili, a ni a, o ni o, tano zote safi. Mwingereza akishakaza moja, nyingine anazinyang'anya. E ya pili ya elephant na a yake, kwa wengi, zinageuka kasauti kamoja kalegevu, katikati ya kinywa, kasiko na herufi yake, nako ndiko kanakosikika kuliko irabu nyingine zote katika lugha yao. Chocolate inabaki silabi mbili midomoni mwa wengi, vegetable tatu, comfortable mara nyingi tatu, na ukihesabu herufi utadhani umeibiwa. Mwaka 1945 mwanaisimu Mmarekani Kenneth Pike aliweka majina ya tofauti hii: lugha zinazotembea kwa silabi na lugha zinazotembea kwa mkazo. Waliokuja baadaye na vipimo vya maabara walikuta mambo hayajanyooka hivyo, lakini mtu yeyote aliyefundisha darasa langu atakuambia Pike alisikia kitu.

Kwa nini mgeni haelewi tu? Neno ni lilelile, sauti karibu zilezile, ni kisilabi kimoja kimekazwa pasipofaa. Nilikuwa naliona hili kama kiburi chao hadi niliposoma kazi za Anne Cutler, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyosikiliza. Kwa maneno yangu: maneno mengi ya Kiingereza yanaanza na silabi nzito, kwa hiyo sikio la Mwingereza likisikia silabi nzito linadhani hapo ndipo neno jipya linapoanza, na linakimbilia kulitafuta kichwani kabla hujamaliza. Ukimwambia rai-no-SE-ros, ameshasikia SE na anatafuta neno linaloanza na se. Hamkatai mtu. Anatafuta kwenye kabati lisilo lake. Yule mama wa kofia alisikia DEZ akawa ameshafika jangwani, keki haikupata nafasi ya kujieleza.

Wapo wanaosema tunajisumbua. Mwanaisimu Jennifer Jenkins, mwaka 2000, alipopendekeza mambo ya matamshi yanayotosha kwa watu wanaotumia Kiingereza kama lugha ya kukutania, mkazo wa neno moja moja aliuacha nje. Nakubaliana naye nusu. Nikiwa na Mtaliano na Mjerumani ndani ya gari, kila mmoja alikaza atakapo na tulielewana vizuri tu. Mtaliano naye anapenda ya pili kutoka mwisho, tulikuwa kama ndugu. Akiingia Mwingereza au Mmarekani, sisi watatu tunaelewana na yeye ndiye anayeinamisha kichwa. Lakini yeye naye amelipa nauli, na siku ya simba kukaribia gari sitaki mtu ainamishe kichwa.

Kutamka kama mzaliwa wa London siwafundishi wala siwezi. Lafudhi ya kijana wa Mbulu naitaka ibaki ya Mbulu. Nawafundisha pa kukaza, basi.

Na ili wasidhani Waingereza walizaliwa na majibu, huwa nawapeleka kwenye roshani. Hoteli nyingi za kitalii zina roshani, balcony, na wanafunzi wote wanasema bal-CO-ny. Leo hilo ni kosa, BAL-co-ny ndiyo sahihi. Lakini hapo zamani Waingereza wenyewe walisema bal-CO-ny. Mshairi Samuel Rogers, aliyefariki mwaka 1855 akiwa mzee sana, alilalamika kwamba matamshi mapya ya watu wa mtindo yanamkera, na hili la BAL-co-ny linamtia kichefuchefu. Kwa hiyo kijana wangu wa Karatu anaposema bal-CO-ny amechelewa miaka mia mbili tu. Darasa linalipenda sana hili. Mimi pia.

Kilomita ndiyo vurugu kubwa zaidi, maana wenyewe hawajaafikiana hadi leo: wako wanaosema KIL-o-me-tre na wako wa ki-LOM-e-tre, na sisi tuna ki-lo-MI-ta yetu. Kila mwenye lugha na kituo chake cha kushuka. Chanzo cha vurugu zote ni kwamba Kiingereza asili yake ni ukoo mmoja na Kijerumani, lugha za kukaza mwanzo wa mzizi, halafu baada ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066 yakamiminika maneno ya Kifaransa yanayokaza nyuma, yakafuata ya Kilatini na Kigiriki. Yaliyoingia zamani yamezoea, VIL-lage haikumbuki tena ilikotoka. Yaliyokuja juzi na magari bado yana ugeni: garage, Mwingereza anasema GAR-age, Mmarekani ga-RAGE. Sisi gereji tuliivisha kanzu siku ileile iliyofika, ge-RE-ji, mambo yakaisha. Lakini kanzu hizo ndizo zinazotuponza tunapolirudisha neno kwa wenyewe. Hoteli na mashine zinarudi salama, kwa kuwa ho-TE-li na ho-TEL zinakaza mahali pamoja. Hospitali hairudi. Ukishazoea hos-pi-TA-li, HOS-pi-tal inakuwa kama kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Sinema ni hivyohivyo, na penseli.

Kamusi zinasaidia, kwa sharti moja: kale kastari kadogo ka juu, katika kamusi nyingi, kanakaa kabla ya silabi inayokazwa. Nusu ya darasa walikuwa wanadhani kako baada yake, na baadhi ya vitabu vya zamani vya Kimarekani kweli viliweka baada, kwa hiyo mtu amesoma kwa bidii, akakosea kwa bidii hiyohiyo.

Kinachofanya kazi kuliko kamusi ni mpira. Kwa fundi baiskeli ninanunua tyubu kuukuu, naikata vipande vya kiganja na nusu, ule mpira mweusi wa kufungia mizigo kwenye keria. Kila mtu anashika wake kwa mikono miwili. Silabi isiyokazwa mpira unalegea, inayokazwa unauvuta. Hip, po, na POT mikono inafunguka mpaka vifundo vinakuwa vyeupe, halafu a-mus, umelegea. Watu ishirini na wawili wanavuta mpira pamoja na chumba kinanuka tairi. Nilichogundua ni kwamba ukishauvuta mpira kwenye POT, huna nguvu ya kuipa a haki yake, inajimeza yenyewe. Kile nilichokieleza kwa nusu saa ubaoni kinafanywa na mikono bila maelezo. Wengine hukosea makusudi ili kipande kimruke jirani. Ni watu wazima, lakini ni mpira.

Mwezi uliopita yule kijana wa Karatu alinipigia simu kutoka ukingoni mwa kreta. Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Faru alikuwa ameonekana asubuhi, mbali, doa jeusi kwenye majani, na yeye akalitamka neno lile, rhi-NOC-er-os, na hakuna kichwa kilichoinama. Lakini alichotaka kunieleza hasa ni mzee mmoja Mskoti kwenye kiti cha nyuma, aliyetaka kufundishwa kusema Ngorongoro. Mzee alisema En-go-ron-GO-ro. Mkazo barabara, alisema kijana, palepale panapotakiwa, ila amejenga kibanda mbele ya nyumba, silabi tano badala ya nne.

"Ukamfanyaje?"

"Nilimpa mpira, mwalimu. Ninao mfukoni. Nikamwambia hapa huvuti mwanzo, unaanza umefunga mdomo, ng na o wanaingia pamoja, mlango mmoja."

"Akaweza?"

Nilisikia upepo kwenye simu, na nyuma yake sauti ya mtu mzima akihesabu polepole kwa kugonga mlango wa gari. Ngo. Ro. Ngo. Ro. Kisha kimya, kisha akaanza upya.